Elimu ya Kupima Mapokezi: Kutoka Madina hadi Bagamoyo

Kila hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.) ina sehemu mbili. Ya kwanza ni sanadi, yaani majina ya watu waliopokezana habari, huyu kutoka kwa yule, mpaka kufika kwa sahaba aliyemsikia au kumwona Mtume. Ya pili ni matini, maneno yenyewe yaliyopokewa. Elimu ya hadithi imesimama juu ya sehemu hizo mbili kwa pamoja. Maneno hayapokewi kwa uzuri wake tu, na majina makubwa hayatoshi kama maneno yenyewe yana kasoro. Katika Bagamoyo, Saadani, Pangani na miji mingine ya Mrima, elimu hii iliingia kwa njia ya vyuo na misikiti, ikiwa ndani ya vitabu vya fikihi ya Kishafi na katika ijaza, yaani hati za idhini ya kupokeza elimu, ambazo wanavyuoni walizipata ng'ambo ya bahari.

Mtume alipofariki mwaka 632, masahaba wengi walitegemea kumbukumbu. Wachache waliandika. Abdallah bin Amr bin al-As alikuwa na maandishi yake mwenyewe, na Hammam bin Munabbih, mwanafunzi wa Abu Hurayra, aliacha daftari dogo la hadithi zipatazo 138 ambalo lilipatikana na kuchapishwa katika karne ya 20. Katika miaka hiyo ya mwanzo haikuwa desturi kumuuliza msimuliaji habari ameipata wapi. Mambo yalibadilika baada ya kuuawa Khalifa Uthman mwaka 656, Waislamu walipogawanyika na kila kundi likawa na haja ya maneno ya kujitetea. Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 729, ameeleza kwamba ni baada ya fitina hiyo ndipo watu walipoanza kutakiwa wawataje waliowasimulia. Elimu nzima ilizaliwa na hofu ya uongo, na hofu hiyo ilikuwa na sababu.

Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kuanzia 717 hadi 720, aliagiza hadithi zikusanywe na kuandikwa kabla wajuzi wake hawajatoweka. Mwanachuoni aliyebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni Ibn Shihab al-Zuhri, aliyefariki mwaka 742. Kutoka kwake elimu ikaenda kwa wanafunzi wake, mmojawapo akiwa Malik bin Anas wa Madina, mwenye Muwatta.

Namna sanadi inavyofanya kazi huonekana vizuri katika hadithi ya nia, ambayo ndiyo ya kwanza katika Sahihi ya Bukhari na ndiyo ya kwanza katika Arobaini ya Nawawi inayosomeshwa vyuoni hadi leo. Bukhari aliipokea kwa al-Humaydi, naye kwa Sufyan bin Uyayna, naye kwa Yahya bin Said al-Ansari, naye kwa Muhammad bin Ibrahim al-Taymi, naye kwa Alqama bin Waqqas, naye alimsikia Umar bin al-Khattab akiisema juu ya mimbari. Hadithi hii inajulikana na kila mtoto wa Kiislamu. Lakini ukiifuata sanadi yake hadi juu, unakuta kwamba katika tabaka nne za mwanzo njia yake iliyo sahihi ni moja tu: Umar, kisha Alqama, kisha al-Taymi, kisha Yahya. Baada ya Yahya ndipo inapotawanyika kwa watu wengi mno. Wanavyuoni hawakulificha jambo hilo. Waliiita hadithi ya namna hiyo gharibu, yaani iliyopokewa na mtu mmoja mmoja, na bado wakaihesabu sahihi, kwa sababu kila mmoja wa hao wanne alikuwa mwaminifu na mwenye hifadhi madhubuti. Umaarufu wa maneno haukuwa kipimo chao. Kuna maneno mangapi yaliyo midomoni mwa watu wote na hayana asili kabisa!

Masharti ya hadithi sahihi yalikuja kutulia kuwa matano. Sanadi iwe imeunganika, bila pengo. Kila mpokezi awe mwadilifu, yaani mtu wa dini na ukweli. Awe pia na dhabti, yaani hifadhi isiyoyumba, iwe ya kichwani au ya kwenye maandishi. Mapokezi yasipingane na ya watu walio madhubuti zaidi. Na yasiwe na ila, kasoro iliyojificha ambayo haionekani ila kwa mjuzi. Sharti la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na waliobobea humo wamekuwa wachache katika kila zama. Mmoja wao ni al-Daraqutni wa Baghdad, aliyefariki mwaka 995.

Wakaguzi wa mwanzo, kama Shu'ba bin al-Hajjaj, Yahya bin Said al-Qattan na Yahya bin Ma'in, walifanya kazi hiyo kwa kulinganisha. Mwalimu mmoja akiwa na wanafunzi kumi, na tisa wakasimulia namna moja huku wa kumi akija na lake peke yake, huyo wa kumi huandikiwa alama. Akirudia mara nyingi, huitwa dhaifu hata kama ni mchamungu anayekesha akisali. Mzee aliyechanganyikiwa kwa uzee, hadithi alizosimulia kabla ya hapo hutengwa na zile za baadaye. Tarehe nazo zilikuwa silaha. Ismail bin Ayyash anasimulia kwamba alimkuta mtu nchini Iraq akidai kuwa amesikia hadithi kwa Khalid bin Ma'dan. Alipoulizwa ni mwaka gani, akajibu 113 Hijria. Ismail akamwambia kwamba, basi, alimsikia Khalid miaka saba baada ya kufa kwake, kwani Khalid alifariki mwaka 106. Kutokana na maswali ya namna hiyo ndipo yalipoandikwa makamusi makubwa ya wapokezi, yenye majina ya maelfu ya watu: alizaliwa lini, alisafiri wapi, alisoma kwa nani, alikufa lini, na wenzake walimsemaje.

Imamu Shafi, aliyefariki Misri mwaka 820, aliyaweka mambo haya katika nadharia. Katika kitabu chake al-Risala alieleza ni lini habari ya mtu mmoja inafaa kuwa hoja ya sheria, na ni sifa gani mtu huyo awe nazo. Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wao ni wa madhehebu yake, hilo ni jambo la karibu. Baada yake ikaja karne ya vitabu sita. Bukhari (aliyefariki 870) alitaka ithibiti kwamba mpokezi na mwalimu wake walikutana. Muslim (875) aliona inatosha kuwa waliishi zama moja, kukutana kukiwezekana na mpokezi akiwa si mwenye kuficha waliomsimulia. Wakafuata Ibn Majah, Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Tirmidhi ndiye aliyeyapa umaarufu maneno "hadithi hasan", kwa zile zisizofika daraja ya juu ya sahihi wala kushuka kwenye udhaifu.

Katika sheria zote hizo, moja inaihusu Bagamoyo kuliko zote. Wanavyuoni walitenganisha ushahidi na mapokezi. Mbele ya kadhi, wengi wao hawakupokea ushahidi wa mtumwa, na ushahidi wa mwanamke waliupokea kwa masharti. Katika hadithi vikwazo hivyo viliondolewa. Mtumwa akiwa mkweli na mwenye hifadhi, mapokezi yake huwa sawa na ya bwana wake. Na mwanamke akisimulia, maneno yake hayangoji mwingine wa kumtia nguvu. Sahihi ya Bukhari yenyewe ilipita mikononi mwa Karima al-Marwaziyya, aliyeisomesha Makka hadi kufariki kwake karibu na mwaka 1071, na wanavyuoni wakubwa waliokwenda kuhiji walikaa mbele yake wakaisoma. Sanadi iliyosifiwa kuliko nyingine, ambayo watu wa hadithi huiita ya dhahabu, ni ya Malik kutoka kwa Nafi' kutoka kwa Abdallah bin Umar. Na Nafi' alikuwa mtumwa wa huyo Ibn Umar kabla ya kuachwa huru. Ikrima alikuwa mtumwa wa Ibn Abbas. Ata bin Abi Rabah, mtu mweusi kutoka familia ya walioachwa huru, alikuwa mufti wa Makka hadi alipofariki mwaka 732.

Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, na wengi walifika hapo wakiwa wamefungwa. Mmoja wa watoto walioletwa mjini hapo kutoka upande wa Manyema, mashariki ya Kongo, ni Yahya bin Abdallah, ambaye pwani nzima ilikuja kumjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Alikuwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, wa ukoo wa Kiomani uliotoa maliwali wa mji. Alisoma, akasomesha, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa kiongozi wa twarika ya Qadiriyya Bagamoyo, akiwa na wanafunzi kutoka pwani na bara. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akaendelea na uongozi huo.

Silsila ya twarika, ambayo Sheikh Ramiya aliipokea na kuipokeza, si sanadi ya hadithi. Ni mlolongo wa idhini, na haupimwi kwa mizani ya Ibn Ma'in. Lakini mji ambao watu wake wa nasaba walizoea kukaa mbele ulikubali kujifunza kwa mtu aliyekuja mjini humo bila nasaba ya kutaja, kwa sababu alikuwa na elimu na waliompa elimu hiyo walijulikana. Kanuni hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa vitabuni miaka 1,000 kabla yake. Wanaosimulia historia ya Uislamu wa Bagamoyo kwa kutaja majumba na maliwali peke yao huliacha jambo lililo kubwa zaidi.

Huko zilikotungwa, kanuni hizi zilipangwa polepole kuwa vitabu vya kusomesha. Al-Ramahurmuzi aliandika cha kwanza katika karne ya 10, na al-Khatib al-Baghdadi akapanua. Ibn al-Salah, akisomesha katika Dar al-Hadith al-Ashrafiyya mjini Damascus, alizipanga katika aina 65. Alifariki mwaka 1245. Imamu Nawawi, aliyesomesha hapo hapo baadaye, alikifupisha kitabu hicho. Ibn Hajar al-Asqalani wa Misri, aliyefariki mwaka 1449, akaandika muhtasari wa kurasa chache, Nukhbat al-Fikar, na sherehe kubwa ya Bukhari, Fath al-Bari. Kwa wanaoanza kuna shairi la Bayquni, beti 34 tu, ambalo mwanafunzi hulihifadhi lote kabla ya kufafanuliwa.

Pwani hii haikuwa mbali na safari hizo. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafi, na huko Kilwa alikuta masharifu waliotoka Hijazi na Iraq. Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo ya leo, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ni mabaki ya mji wa Kiislamu uliokuwepo karne nyingi kabla ya misafara ya pembe. Vitabu vilikuja kwa jahazi, na wasomi walisafiri kwa upepo uo huo wa kaskazi na kusi. Safari ya kutafuta elimu ilikuwa sehemu ya njia ya hadithi tangu mwanzo: sahaba Jabir bin Abdallah alisafiri mwezi mzima hadi Sham kwa ajili ya hadithi moja. Katika zama za karibu, Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, alisoma Hadhramaut, Makka na Istanbul, akapokea ijaza nyingi, kisha akawa kadhi Unguja hadi kufariki kwake mwaka 1925. Mwenzake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka huo huo, alianzisha madrasa ya Ukutani iliyotoa walimu kwa pwani nzima, pamoja na miji ya Mrima.

Darsa katika vyuo hivyo ilifuata njia zile zile mbili zilizotajwa na watu wa hadithi. Mwalimu husoma na wanafunzi husikiliza, na hiyo huitwa sama'. Au mwanafunzi husoma na mwalimu husikiliza huku kitabu kiko mkononi, na hiyo huitwa qiraa. Mwanafunzi akikosea irabu moja husimamishwa, hurudia sentensi, kisha huendelea. Kikimalizika kitabu, mwalimu aweza kumwandikia ijaza inayotaja kwamba yeye alikisoma kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kwa mtunzi. Aliyejisomea peke yake kwenye karatasi alitazamwa kwa wasiwasi, kwa sababu herufi za Kiarabu zisipotiwa nukta na irabu humpotosha hata mwenye akili.

Lazima isemwe wazi, hata hivyo, kwamba ukaguzi wa sanadi haukuwa kiini cha masomo ya pwani. Kitabu cha hukumu kilikuwa Minhaj ya Nawawi na sherehe zake, na mtoto alianzia Safinat al-Naja. Hadithi zilisomwa kwa baraka, kwa mawaidha na kwa fadhila za matendo. Mwanafunzi angeweza kufika mbali sana katika fikihi bila kuwahi kufungua kitabu cha wapokezi. Huo ulikuwa upungufu, ingawa fikihi yenyewe ilikuwa imekwisha kuchujwa na mabingwa wa hadithi, Nawawi akiwa mmoja wao.

Waomani waliotawala pwani, wengi wao wakiwa Waibadhi, walikuwa na mapokezi yao. Waibadhi hutegemea Musnadi ya al-Rabi' bin Habib wa Basra, wa karne ya 8, ambayo Abu Ya'qub al-Warjilani wa Afrika Kaskazini aliipanga upya katika karne ya 12. Sanadi zake ni fupi: al-Rabi' kutoka kwa Abu Ubayda, naye kutoka kwa Jabir bin Zayd, naye kutoka kwa sahaba. Abu Ubayda alikuwa mtu aliyeachwa huru, na anakumbukwa kuwa alijipatia riziki kwa kusuka vikapu. Mashia Ithnaasheri, ambao jamaa zao wa Kihindi walifanya biashara Bagamoyo, hutegemea al-Kafi ya Kulayni, aliyefariki mwaka 941, na husharti mapokezi yapitie kwa maimamu wa nyumba ya Mtume.

Mwaka 1908 pwani ya Tanganyika ilipata jambo lililohitaji elimu hii mara moja. Ilizagaa barua, hasa upande wa Lindi na kisha miji mingine, iliyodaiwa kutoka kwa Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume huko Madina. Ilieleza kwamba Mtume alimjia usingizini akawalaumu Waislamu kwa kuacha sala na kuzama katika maovu, na kwamba Kiyama kimekaribia. Anayeipeleka barua mji mwingine aliahidiwa malipo makubwa, anayeizuia alitishwa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia, na watu walikuwa na majonzi na njaa. Wajerumani waliogopa uasi mwingine, na uchunguzi wao ukaelekea Unguja, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza. Wanahistoria wamejadili sana siasa ya barua hiyo. Elimu ya hadithi ina hukumu yake pia, nayo haihitaji polisi.

Kwanza, Sheikh Ahmad hajulikani. Barua haitaji ni mtoto wa nani, alisoma wapi, wala nani alikutana naye. Katika lugha ya wapokezi yeye ni majhuli. Pili, kutoka kwake hadi kwa aliyeishika barua Lindi hakuna jina hata moja. Tatu, habari yenyewe ni ndoto. Ni kweli kwamba kuna hadithi sahihi juu ya kumwona Mtume usingizini, na hiyo ndiyo iliyoifanya barua iaminike. Nawawi alilijibu jambo hilo katika sherehe yake ya Muslim, zaidi ya miaka 600 kabla: ndoto yaweza kuwa ya kweli, lakini haithibitishi hukumu, kwani mpokezi hutakiwa awe macho na mwenye dhabti, na aliyelala hana sifa hiyo. Nne, matini yake ina alama ambayo Ibn al-Jawzi na Ibn al-Qayyim waliitaja katika hadithi za kuzuliwa, nayo ni ahadi kubwa kupita kiasi na vitisho vikali kwa tendo dogo kama kunakili karatasi.

Baada ya barua hiyo ukaguzi ulizidi kupata wenyewe. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), msomaji wa jarida la al-Manar la Misri, aliandika kwa Kiswahili katika gazeti lake la al-Islah mwaka 1932, akiwataka Waislamu wauulize ushahidi wa mila zao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja (1912–1982), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968, aliandika juu ya bidaa na kuzitaja hadithi alizoziona dhaifu au za uongo, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka na mvuvi na mwenye duka. Uamuzi huo wa lugha ulikuwa na athari kubwa kuliko kitabu chochote kimoja, kwani maneno kama dhaifu na sahihi yalitoka mikononi mwa maulamaa yakaingia barazani. Vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961, walirudi na vitabu vya Nasiruddin al-Albani (1914–1999), aliyezikagua upya hadithi hata za baadhi ya vitabu sita.

Tangu hapo mjadala haujakoma Bagamoyo, Tanga wala Dar es Salaam: maulidi, talkini, kuzuru makaburi. Wanaoyatetea hurejea kauli ya Nawawi na Ibn Hajar kwamba hadithi dhaifu yaweza kutumiwa katika fadhila za matendo, ikiwa udhaifu wake si mkubwa na jambo lenyewe lina asili katika sheria. Wanaoyapinga hudai sahihi peke yake. Pande zote mbili zinatumia vitabu vile vile na mizani ile ile, na anayesikiliza kwa makini huona kwamba tofauti iko katika matumizi zaidi kuliko katika misingi. Wasomi wa Ulaya nao, kuanzia Goldziher mwaka 1890 hadi Schacht mwaka 1950, walitilia shaka sanadi nyingi za mwanzo. Muhammad Mustafa al-Azami aliwajibu kwa ushahidi wa maandishi ya kale, na Harald Motzki, kwa kulinganisha sanadi na matini pamoja, alionyesha kwamba baadhi ya mapokezi yanafika karne ya kwanza ya Hijria.

Barua ya Sheikh Ahmad nayo haijafa. Inapita leo katika simu za watu wa pwani, ikiwa na ndoto ile ile, ahadi zile zile na vitisho vile vile kwa asiyeituma kwa wenzake. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia aliandika waraka maalumu wa kuikanusha. Kwa kanuni zote zilizotajwa hapa, kutoka Ibn Sirin hadi Ibn Hajar, barua hiyo ni ya kuzuliwa, na anayeipata hana wajibu wa kuipeleka popote.